Mtoto akishafikisha mwaka: jinsi ya kumlea mpaka atimize miaka miwili

Mtoto mchanga ana washauri wengi, kuanzia bibi yake mpaka jirani wa nyumba ya tatu, kila mtu ana neno lake kuhusu kitovu, mchango na maziwa. Akishakatiwa keki ya mwaka mmoja washauri wanapotea, mama anarudi kwenye mihangaiko, kliniki anaenda akikumbuka, na mtoto anaanza kula chochote kilichopo. Na huu mwaka wa pili ndo mwaka wenyewe jamani. Ndo anatembea, ndo anaongea, ndo anajua kusema "sitaki", na ndo kipindi ambacho lishe ikiyumba anadumaa na kuja kuurudisha ule urefu baadaye inakuwa ngumu sana. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 hapa Tanzania ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolima chakula mpaka kinauzwa mikoa mingine. Kwa hiyo chakula kuwepo ndani ni jambo moja, na mtoto kukaliwa chini akalishwa, akasemeshwa, akaangaliwa, ni jambo lingine.

Nitakwenda hatua kwa hatua, kuanzia miezi 12 mpaka 24. Wazo langu kubwa ni hili, kwamba mtoto wa umri huu anataka kufanya mwenyewe kila kitu, na kazi yetu ni kumpa nafasi afanye huku mtu mzima yuko karibu.

Hatua ya 1: Kadi ya kliniki irudi mezani

Wengi wakishamaliza chanjo ya miezi 9 wanaona wamemaliza kabisa, kumbe dozi ya pili ya surua na rubela ni miezi 18 na hiyo ndo inayosahaulika. Weka alamu kwenye simu leo leo, uandike na tarehe. Matone ya vitamini A anapata kila baada ya miezi sita, dawa ya minyoo nayo inaanza akishatimiza mwaka na inarudiwa kila miezi sita, na kwa Tanzania zoezi lake linafanyika Juni na Desemba, kwa hiyo ukisikia gari la matangazo linapita mtaani mpeleke hata kama mtoto mzima wa afya.

Kuhusu uzito, acha kumpima kwa macho na mtoto wa jirani. Mtoto wa kiume wa mwaka mmoja wastani wake ni kama kilo 9.6, akifika miaka miwili ni kama 12.2, wa kike ni 8.9 kwenda 11.5. Umeona? Mwaka mzima anaongeza kilo mbili na nusu tu, wakati ule mwaka wa kwanza alikuwa anapaa. Anarefuka, anakimbia, mashavu yanapungua, na shangazi zake wataanza kusema mtoto amekonda. Wewe angalia mstari wake kwenye kadi, kama unapanda taratibu hakuna shida hata kama yuko chini ya mtoto wa fulani, ila ukilala miezi miwili au mitatu mfululizo au ukashuka, usiondoke kliniki mpaka nesi akueleze. Na mwombe akupimie mkono kwa ule utepe wa rangi, ni dakika moja tu: sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya 11.5 ni nyekundu na hapo ni matibabu ya haraka, sio kubadilisha unga wa uji.

Hatua ya 2: Chakula (hapa tukae kidogo)

Mtoto wa mwaka mmoja anakula chakula cha familia, lakini awe na sahani yake. Hili la sahani naliwekea mkazo kwa sababu kwenye sinia la pamoja kaka zake wana mikono mirefu, yeye anabaki analamba vidole na hakuna anayejua amekula kiasi gani. Chukua bakuli la ujazo wa kama mililita 250, yaani kikombe kikubwa cha chai, aanze na robo tatu yake akisogea mpaka bakuli zima, mara tatu hadi nne kwa siku, katikati hapo umpe kitu kidogo mara moja au mbili, ndizi mbivu, parachichi, kipande cha papai, yai la kuchemsha, kiazi kitamu. Tumbo lake ni dogo, hawezi kukaa na mlo wa saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Kwenye sahani yenyewe watu tunapotea kwa kumjaza wanga. Ugali na mchuzi wa nyanya, wali na mchuzi wa maharage bila maharage yenyewe, viazi na chai. Mtoto anashiba, damu haiongezeki. Kila mlo ujiulize kitu cha kujenga mwili kiko wapi, na hapa dagaa ndo mkombozi wetu: watoe vichwa, waoshe vizuri, wakaushe, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa mkono, saga, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, ukipika chochote unamnyunyizia vijiko viwili. Maini ya kuku mara moja kwa wiki, maharage yaliyopondwa, mchicha au matembele yaliyokatwa madogo madogo, na hapo hapo umpe kipande cha chungwa au embe kwa sababu matunda hayo yanasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Halafu mtu anaharibu yote hayo kwa kumpa chai ya rangi na mlo! Majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini. Mtoto wa mwaka mmoja hana kazi na chai, wala soda, wala juisi za paketi, mpe maji safi.

Maziwa ya ng'ombe baada ya mwaka ni sawa, yachemshwe, ila yasizidi kama nusu lita kwa siku maana akishiba maziwa chakula hataki na damu inashuka.

Uji wa lishe sasa. Najua nitagusa watu hapa. Kuna unga unauzwa una mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, korosho, mbegu za maboga, vyote kwenye mfuko mmoja na watu wanaamini vikiwa vingi ndo lishe zaidi. Kwa maoni yangu nafaka moja inatosha, ulezi peke yake au mahindi peke yake, kisha kirutubisho unaongeza wakati unapika: maziwa, au karanga zilizosagwa jana yake, au yai. Sababu kubwa ni kwamba karanga zikisagwa na kukaa miezi kwenye unga zinachacha, na karanga na mahindi ndo makazi ya sumukuvu, ile sumu ya fangasi ambayo haionekani, haina harufu na haifi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo nunua nafaka nzima, chambua mwenyewe, toa zilizooza na zenye ukungu, saga kidogo kidogo. Na uji uwe mzito, ukiuinua na kijiko ukae juu ya kijiko, ule unaotiririka kama maji unamjaza tumbo bure.

Sasa namna ya kumlisha. Mkalishe chini kwenye mkeka au kwenye kiti chake kifupi, muoshe mikono yote miwili na sabuni, wewe kaa mbele yake uso kwa uso. Mpe kijiko chake na wewe uwe na chako. Atachota, kijiko kitageuka njiani, wali utaangukia kifuani, atauokota kwa vidole viwili aupeleke mdomoni, atakuangalia kama umeona. Mwambie umeona. Huo ni ufundi mkubwa anajifunza, macho na mkono na mdomo vinafanya kazi pamoja, na kwenye nafasi anayoacha wewe unamuwekea vijiko vyako viwili vitatu. Akigeuza uso subiri, jaribu tena, akigeuza mara ya pili na ya tatu ameshiba, toa sahani. Kumbana pua ili afungue mdomo, kumlaza mapajani na kummiminia uji, hiyo tuache kabisa, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto anayeshindiliwa anakuja kuchukia hata kuona bakuli. Chakula kipya akikitema leo mpe tena kidogo wiki hii na wiki ijayo, watoto wengi wanahitaji kukutana na ladha mara nane, mara kumi, ndo wanaikubali.

Kunyonya kunaendelea mpaka miaka miwili na zaidi kama mama anaweza, ila baada ya mwaka chakula kinatangulia na ziwa linafuata. Na hapa lazima niseme kuhusu kubemenda, maana inaumiza watoto wetu. Mama akipata ujauzito mwingine anaambiwa amwachishe mtoto siku hiyo hiyo, na mtoto akianza kukonda na kuvimba miguu wanasema amebemendwa, anapelekwa kuogeshwa dawa. Mara nyingi sana huyo mtoto ana utapiamlo, ziwa limekatwa ghafla na hakuna cha maana kilichowekwa badala yake. Mjamzito mwenye afya nzuri anaweza kuendelea kunyonyesha, aongee na mkunga wake, na kama anaamua kuachisha iwe taratibu, mara za kunyonya kwa siku zinapunguzwa moja moja huku maziwa mengine na mayai vinaongezeka. Mtoto aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya siku hiyo.

Hatua ya 3: Kutembea

Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya kwenye nchi kadhaa zikiwemo Ghana, India, Norway na Oman, matokeo yakatoka 2006: kutembea bila kushikiliwa kulianza popote kati ya miezi nane na karibu miezi 18. Pengo lote hilo ni kawaida. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 ambaye bado anasimama dede tu na kuambaa kwenye makochi hajachelewa.

Cha kufanya ni kumpa sakafu. Mshushe mgongoni, mtoe kwenye kile kiti cha kumfunga mikanda, asikae amefungwa zaidi ya saa moja kwa wakati. Mpe kiti cha plastiki akisukume uwanjani, weka kikombe anachokipenda upande wa pili wa stuli, ndani ya nyumba atembee peku kwa sababu vidole vinajifunza kushika chini, nje ndo avae viatu. Woka za magurudumu sizipendi na sio mimi tu, Kanada ilizipiga marufuku tangu 2004, mtoto anapata spidi ambayo akili yake haiwezi kuimudu, anafika kwenye jiko au ngazi kabla hujageuka, na hazimuharakishii kutembea. Miguu kuwa na kamatege kidogo umri huu ni kawaida, itanyooka, ila kama mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake au unazidi kupinda kila mwezi muone daktari. Na akitimiza miezi 18 hajapiga hatua peke yake mpeleke akaangaliwe, usisubiri ushauri wa kumfukia miguu kwenye mchanga.

Hatua ya 4: Kuongea

Hapa ndo pananipa hamu kuandika kuliko kote.

Kwa kawaida kwenye mwaka mmoja ana neno moja au mawili, kama mama na baba, miezi 18 awe na angalau matatu au zaidi, na akifika miaka miwili anaunganisha maneno mawili, "taka maji", "baba nje", "paka uyo". Lakini kabla ya maneno angalia kidole. Mtoto anayekunyooshea kidole kuku aliyepita, halafu anakuangalia usoni kama wewe pia umemuona, tayari anaongea na wewe, bado sauti tu. Ukimjibu "eeh, kuku! Kuku anakula mchele", umempa neno wakati ule ule anapolihitaji.

Na hiyo ndo njia yote, haina darasa. Unamvalisha: "Lete mguu. Mguu huu, na mguu huu. Kiatu chako kiko wapi? Hiki hapa kiatu chako." Unachambua mchele, mpe sahani yake na mchele kidogo, mwambie unafanya nini. Unaoga naye, taja tumbo, goti, sikio. Unapanda daladala, mwonyeshe trafiki, bodaboda, mbuzi. Halafu nyamaza. Watu wazima tunauliza swali na kulijibu wenyewe, "unataka maji eeh? haya kunywa maji", mtoto hapati hata nafasi. Uliza, subiri, mwangalie mdomo, atatoa kitu. Akisema "meanguka" usimcheke wala usimkatize kumsahihisha, mrudishie tu neno likiwa zima: "ndiyo, kikombe kimeanguka". Atakuja kulishika mwenyewe.

Lugha mbili haziharibu mtoto. Bibi aongee naye Kichaga, Kihaya, Kisukuma, Kidigo, chochote alicho nacho bibi, nyie muongee Kiswahili, atazipanga zote. Namsikitikia zaidi mtoto anayeongeleshwa Kiingereza cha kuamrishwa tu, "sit down, come here", na mtu ambaye mwenyewe hakiongei, hapo anakosa mazungumzo yenyewe.

Simu na katuni: chini ya miaka miwili ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, akifika miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua maisha yetu, najua tivii inawaka sebuleni tangu asubuhi na hakuna anayeiangalia. Basi izimwe tu pale hakuna mtu anayeangalia, hiyo peke yake inarudisha maneno mengi ndani ya nyumba. Video call na baba aliyeko safarini haina ubaya, yule ni mtu anamjibu.

Ya kukupeleka hospitali ni haya: akiitwa jina hageuki, masikio yanatoa usaha, miezi 18 hanyooshi kidole kuonyesha kitu, hakuangalii usoni, miaka miwili haunganishi maneno mawili, au alikuwa na maneno akayapoteza, hili la mwisho wakati wowote. Waombe wampime masikio kwanza. Usikubali kungoja mpaka miaka minne kwa sababu "watoto wa kiume wanachelewa", na usikubali akatwe kimeo eti ndo ataongea au kikohozi kitaisha, watoto wanavuja damu nyingi na kupata maambukizi kwa hiyo kitu. Vivyo hivyo na wanaong'oa "meno ya plastiki" kwa mtoto anayeharisha na homa, wanachotoa ni meno ya utotoni ambayo bado hayajatoka kwenye fizi, na ugonjwa wenyewe unabaki pale pale.

Hatua ya 5: Piga magoti uikague nyumba

Kweli piga magoti, ufike kimo chake, uzunguke chumba kwa chumba. Utaona waya wa pasi unaning'inia, kisoda chini ya kabati, betri ya rimoti, soketi, kitambaa cha meza ambacho juu yake kuna chupa ya chai. Akivuta kitambaa, chai imemmwagikia. Vitambaa vya meza viondoke kwa miaka hii miwili.

Jikoni weka mpaka, kizuizi au mkeka ambao yeye anajua anakaa hapo, na jiko la mkaa lisikae chini njiani hata kama limezimwa maana linabaki na moto muda mrefu. Akiungua mwagia maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, vua nguo na bangili kama hazijagandia ngozi, funika na kitambaa safi, nenda hospitali. Dawa ya meno, mafuta, yai, unga, asali ya kupaka, vyote hapana.

Mafuta ya taa, jiki na sumu ya panya visiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kamwe, na vikae juu vimefungwa. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe wala usimpe maziwa ya kumtapisha, akitapika yanaingia kwenye mapafu na hapo ndo hatari ilipo, mkimbize hospitali na chupa yenyewe uibebe. Ndoo na mabeseni ya maji yafunikwe au yamwagwe, mtoto wa umri huu kichwa ni kizito, akiinamia ndoo anazama hata kwa maji kidogo na hatoi sauti. Na gari kabla halijarudi nyuma uwanjani mtu amshike mtoto mkononi, kumuona tu haitoshi.

Vya kukaba koo: karanga nzima, bisi, pipi, zabibu nzima, vipande vya soseji vya mviringo, kipande kigumu cha karoti, kokwa la zambarau. Ponda, saga au kata kwa urefu, na ale amekaa. Akikabwa na bado anakohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kukohoa wala kulia, muinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, isipotoka pita nyuma yake, ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara tano, rudia huku mtu mwingine anatafuta usafiri. Usiingize kidole kutafuta kitu ambacho hukioni, unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Hatua ya 6: Akijirusha chini

Kuanzia kama miezi 15 utaona mtoto mwingine kabisa. Umemnyima rimoti, anajitupa chini, anapiga miguu, dukani watu wanakuangalia. Huyu hajaharibika wala hana kiburi cha ukoo wa baba yake, ana hamu kubwa na maneno machache, hiyo ndo sababu. Hakikisha mahali ni salama, shuka kimo chake, ongea kidogo na kwa sauti ya chini, "umekasirika, ulitaka rimoti, rimoti hapana". Usimpe rimoti kwa sababu amelia, na usimchape kwa sababu amelia. Akitulia mbebe, endeleeni na siku. Hasira nyingi za namna hii unaweza kuzizuia kabla, angalia tu kama ana njaa au usingizi, na mpe uchaguzi mdogo ambao wewe uko radhi nao wote, "unavaa nyekundu au bluu?". Mwenye tabia ya kung'ata mwambie "hapana, inauma" kwa uso wa kumaanisha, mtenganishe, mpe kitu kingine. Kumng'ata na wewe ili ajue uchungu kunamfundisha kwamba kung'atana kunaruhusiwa.

Wapo wanaolia mpaka wanakata pumzi, anageuka bluu au mweupe, analegea sekunde chache, halafu anarudi. Inatisha sana na wengi wanakimbilia kusema ni mashetani. Mlaze ubavu, usimwagie maji usoni, usimtikise, atavuta pumzi mwenyewe. Ila mpeleke kwa daktari baada ya mara ya kwanza, aangaliwe vizuri na apimwe damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma unahusika kwa watoto wengi wa namna hii.

Hatua ya 7: Usingizi, meno, poti

Alale jumla saa 11 hadi 14 kwa siku nzima pamoja na ule wa mchana, chini ya chandarua kilichochomekwa kwenye godoro. Mpangilio uwe ule ule kila jioni, kuoga, kula, kuimbiwa, kulala, watoto wanapenda kujua kinachofuata.

Meno yapigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala, mswaki mdogo laini, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele tu. Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni, meno ya mbele yanaoza yote.

Poti usiikimbilie. Akiwa anakaa mkavu saa mbili, anakwambia au anajificha akitaka kwenda, na anaweza kuvua kaptula, hapo tayari, na wengi ni baada ya miezi 18 au hata baada ya miaka miwili. Mkalishe baada ya kula, dakika chache, akikojoa chini futa bila kelele.

Hatua ya 8: Akiumwa

Homa katika maeneo yenye malaria ni kipimo kwanza, siku hiyo hiyo, usimpe dawa mseto iliyobaki ya kaka yake. Kuharisha ni maji ya ORS, paketi nzima kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa, baada ya kila choo umpe robo kikombe mpaka karibu nusu, kijiko kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Pamoja na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 kama ulivyoelekezwa, hata kuhara kukiisha, na chakula kiendelee. Kikohozi: mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, 40 na kuendelea kwa mtoto wa zaidi ya mwaka ni nyingi mno, mpeleke, na kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta pumzi ni haraka zaidi.

Usiku wa manane usingoje asubuhi kama hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea haamki vizuri.

Hatua ya 9: Anayebaki naye mchana

Wengi wetu mtoto anashinda na dada wa kazi, bibi, au kituo cha kulea. Haya yote hapo juu hayana maana kama anayajua mama peke yake. Kaa na dada siku yako ya mapumziko, mpike pamoja chakula cha mtoto, mwonyeshe bakuli ni lipi na limeishia wapi, mwonyeshe ile ya kupiga mgongoni mtoto akikabwa, ajaribu kwenye mto. Ongea naye vizuri, mlipe kwa wakati, mwache na yeye ale na apumzike, maana mtu aliyechoka na mwenye njaa hawezi kuwa na subira na mtoto wa miezi 16. Mwambie wazi kwamba mtoto akianguka au akimeza kitu akupigie hapo hapo na hatagombezwa, kwa sababu dada anayeogopa kugombezwa atanyamaza na wewe utakuja kujua usiku. Ukirudi usiulize "amekula?", jibu ni "ndiyo" siku zote, uliza amekula nini, kimebaki kiasi gani, amesema neno gani leo. Ukutani andika kwa herufi kubwa namba zako mbili, namba ya jirani mwenye usafiri, ya bodaboda mnayemwamini, na jina la kituo cha afya cha karibu kinachofungua usiku, na hela ya nauli ikae kwenye bahasha sehemu ambayo dada anaijua.